Kwa Nini Mtoto wa Mbwa Hutafuna Kila Kitu

Samburu ya Kwale, iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, ni nchi kavu ya wafugaji, na katika miji mingi ya Waduruma wa huko mbwa ndiye mlinzi wa zizi la mbuzi. Mwenye kulea mtoto wa mbwa hana budi kuyaona haya: kiatu kimoja kimeraruliwa, kamba ya ndoo imekatwa, mpini wa jembe una alama za meno, na mnyama mwenyewe amelala kivulini kana kwamba hana habari. Watu wengi humpiga, na wengine humtupa wakidhani ya kuwa amezaliwa na tabia mbaya. Lakini kutafuna huko kuna sababu zake, na azijuaye hupata mlinzi mwema pasipo kupoteza viatu vingi. Tena liko jambo kubwa kuliko viatu: ajuaye kutafuna kwa kawaida ataweza kutambua kutafuna kusiko kwa kawaida, ambako huenda kukawa dalili ya kichaa cha mbwa.

Sababu ya kwanza ni meno. Mtoto wa mbwa huota meno ya utoto 28, nayo huanza kuonekana apatapo majuma matatu hivi. Afikapo miezi mitatu au minne, meno hayo huanza kung'oka, na meno ya ukubwa, ambayo jumla yake ni 42, huota. Kwa kawaida kazi hiyo humalizika apatapo miezi sita au saba. Muda huo wote ufizi humsumbua, na kutafuna humpa nafuu, kama vile mtoto wa binadamu aotaye meno aumavyo kila akishikacho.

Sababu ya pili ni kwamba mbwa hana mikono. Mtoto wa mtu akitaka kujua kitu, hukishika na kukigeuza. Mtoto wa mbwa hukitia kinywani. Kiatu humvuta zaidi kwa sababu kina harufu ya bwana wake, na karatasi iliyofungiwa nyama humvuta kwa sababu ina harufu ya chakula.

Sababu ya tatu ni njaa na minyoo. Mtoto wa mbwa apewaye ukoko wa ugali mara moja kwa siku hashibi, wala hapati vya kumjenga mwili. Basi hutafuta kwingine, hata jaani na katika mavi ya wanyama. Minyoo nayo humwingia mapema, kwani mingine hupita kutoka kwa mama yake angali tumboni. Mwisho uko upweke: mnyama mdogo afungwaye kamba kutwa nzima, pasipo mwenzi wala mchezo, hana kazi nyingine ila kutafuna.

Yafaa nini basi? Kumpiga hakufai. Mbwa apigwaye leo kwa kiatu alichokila asubuhi haunganishi fimbo na kiatu. Ajualo ni kwamba bwana wake amekuja na fimbo. Uso wake wa unyonge, ambao watu huudhani kuwa ni kukiri kosa, ni hofu tu. Akizoea kupigwa hivyo, hujifunza kutafuna mafichoni, au kumeza upesi alicho nacho ili asinyang'anywe, na huenda mwishowe akauma mkono umkaribiao.

Lililo jema ni kuvitundika juu viatu, kamba na nguo, na kumpa kitu chake mwenyewe cha kutafuna, kama mfupa mkubwa wa ng'ombe asioweza kuumeza. Mfupa ukianza kuvunjika vipande vidogo, uondolewe. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kabisa, kwa maana hupasuka ikawa na ncha kali kama miiba. Akishika kisichomfaa, asikimbizwe, kwani atadhani ni mchezo. Aitwe kwa upole na kupewa kipande cha chakula badala yake, kisha asifiwe akiachia. Alishwe mara tatu au nne kwa siku angali mdogo, na ugali wake uchanganywe na dagaa au masazo ya nyama yaliyopikwa. Maini na mapafu mabichi ya mnyama aliyechinjwa asitupiwe, kwa maana mbwa huweza kupata humo tegu ambayo baadaye humdhuru mwanadamu. Dawa ya minyoo huanza kutolewa apatapo majuma mawili, na kurudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka miezi mitatu, kwa kipimo cha daktari wa mifugo.

Viko vitu ambavyo havitaki subira. Huku bara gunzi la hindi na kokwa ya embe huweza kuziba matumbo, na vivyo hivyo plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017, lakini plastiki za namna nyingine zingali zikitupwa. Kule Diani na Msambweni hatari nyingine ni ndoana yenye chambo, na samaki bunju atupwaye ufukoni, ambaye sumu yake huua. Mtoto wa mbwa atapikaye mara kwa mara, akatae chakula, avimbe tumbo au ashindwe kunya, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Uzi ukionekana ukitokeza kinywani au nyuma, usivutwe, kwani huweza kukata matumbo. Wala asinyweshwe mafuta kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni.

Sasa twaja kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Mbwa mwenye kichaa naye huuma na kumeza vijiti, mawe na udongo. Tofauti ni hii: mtoto wa mbwa mwenye afya hutafuna akicheza, hula chakula chake, humjua bwana wake, na huacha aitwapo. Mwenye kichaa hubadilika ghafula. Aliyekuwa mpole huwa mkali, au aliyekuwa mkali huwa mpole kupita kiasi, sauti yake hugeuka, mate humtoka, taya hulegea, naye hushindwa kumeza. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakidhani amekwamwa na mfupa, wakatia mkono kinywani ili wautoe. Mbwa wa namna hiyo asiguswe. Watoto na mifugo waondolewe karibu naye, na afisa wa mifugo aitwe upesi. Udogo wake si kinga, kwa kuwa hata mtoto wa mbwa huweza kuwa na kichaa.

Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa kandokando ya Nairobi, na hata leo karibu watu wote waupatao huambukizwa na mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni nadra mno kupona. Lakini kabla ya dalili kinga ipo. Aliyeumwa au kukwaruzwa, hata kama jeraha ni dogo, alioshe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Asipake majivu wala pilipili, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Hata nyumba isiyofuga mbwa, kama zilivyo nyingi katika miji ya pwani, inahusika, kwa maana mbwa hutembea na watoto hucheza njiani. Chanjo ikiwafikia mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi mwenye mbwa asisahau kumchanja angali mdogo, na kurudia kila mwaka. Kiatu kilicholiwa hununuliwa kingine, uhai haununuliwi.