Fahamu: Kwa nini kichanga hukosa choo
Kichanga wa Mhunze, wilayani Kishapu, akipitisha saa 48 bila choo cha kwanza, tumbo likajaa na akatapika nyongo ya kijani, huenda tatizo ni neva. Utumbo mpana una mtandao wake wa neva. Hausubiri amri ya ubongo. Kinyesi kikitanua ukuta, neva za nyuma yake humwaga asetilikolini, kalsiamu huingia kwenye seli za misuli, nayo misuli hukaza. Mbele yake, neva nyingine huilegeza, kinyesi kikasonga. Kwenye ugonjwa wa Hirschsprung, neva hizo hazikufika mwisho wa utumbo: misuli ya hapo hubana tu, haiachii. Dawa za kulainisha choo haziutibu, wala mitishamba. Tiba ni upasuaji. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali mojawapo ya rufaa ni Bugando, Mwanza. Mwahisheni mtoto kituo cha afya.