Klipu za gari zimegoma kutoka? Okoa paneli kwanza

Kwenye gari la zamani, kazi ndogo kama kubadilisha spika ya mlango inaweza kuishia kwenye hasara. Tatizo ni klipu, vile vishikizo vya plastiki vinavyobana paneli. Ukivuta kwa pupa, zinakatika au zinang'oka na kipande cha paneli.

Jua na joto la miaka mingi hukausha plastiki, ikawa rahisi kuvunjika. Klipu za chini ya gari nazo hujaa matope na kuganda.

Klipu ni ya bei ndogo, lakini paneli ya gari la zamani ni shida kuipata. Ikibidi kimoja kiharibike, basi kiwe klipu.

Fanya hivi:

1. Tafuta skrubu kwanza. Mlangoni hujificha nyuma ya kitasa cha ndani na pale unaposhika kuvuta mlango. Mara nyingi paneli inayogoma ina skrubu iliyosahaulika.

2. Pasha joto. Weka kitambaa cha maji ya moto, au tumia mashine ya kukaushia nywele kwa dakika moja au mbili. Plastiki ya baridi huvunjika haraka.

3. Nyanyua karibu na klipu. Tumia kifaa bapa cha plastiki. Kama huna, zungushia bisibisi bapa kitambaa. Ukivutia mbali na klipu, paneli inapasuka.

4. Angalia pini ya katikati. Kuna za kuinua, za kusukuma ndani kidogo na za kuzungusha kwa bisibisi. Osha mchanga kabla ya kuigusa.

5. Imegoma kabisa? Kata kichwa chake kwa plaizi, paneli ibaki salama.

Paneli ikiachia, usiivute yote kwa mkupuo. Chomoa kwanza nyaya za swichi za vioo.

Tahadhari: ukiona maandishi "SRS Airbag" kwenye nguzo za pembeni, usichokonoe. Ndani kuna mfuko wa hewa unaoweza kulipuka na kukuumiza. Hapo mwachie fundi mwenye uzoefu.

Mwisho, nunua klipu za akiba kabla ya kuanza, na nenda dukani na moja ya zamani kama sampuli, maana matundu hayalingani. Ukirudishia zilizovunjika, paneli itagonga kila ukipita kwenye barabara mbovu.