Mkono Usio na Sita

Baada ya alasiri, kwenye mabaraza ya Mji wa Kale wa Mombasa, watu wanne huizunguka meza ya dhumna, wawili kwa wawili, kila mtu akielekeana na mwenziwe. Kete 28 huchanganywa kifudifudi, kila mmoja akachukua saba. Kabla hata kete ya kwanza haijagongwa mezani, utasikia malalamiko: fulani hana sita hata moja, leo ana mkosi. Mtu huyu anastahili kujibiwa kwa hesabu, maana kukosa nambari moja au zaidi mkononi ni kawaida zaidi kuliko kuwa nazo zote.

Tuanze na kete zenyewe. Nambari ziko saba, kuanzia tupu hadi sita. Kila nambari inakutana na zile nyingine sita, na saba mara sita ni 42. Lakini hapo kete ya tano na tatu tumeihesabu mara mbili, mara kwa tano yake, mara kwa tatu yake. Basi tunagawa kwa mbili, zinabaki 21. Tukiongeza saba zenye nambari moja pande zote mbili, zinatimia 28.

Mkono je? Kete ya kwanza unaichagua kati ya 28, ya pili kati ya 27, hivyo hivyo hadi ya saba kati ya 22. Ukizidisha zote unakaribia bilioni sita, ila hesabu hiyo inajali kete ipi ilitangulia kuokotwa, na mchezo haujali. Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 aliyezaliwa Oman na kuasisi elimu ya arudhi, alipanga kamusi yake ya Kiarabu kwa hesabu ya namna hii: herufi tatu hupangika kwa njia sita, nne kwa njia 24, tano kwa njia 120. Kete saba hupangika kwa njia 5,040. Gawa ile karibu bilioni sita kwa idadi hiyo, utapata mikono 1,184,040 iliyo tofauti.

Sasa turudi kwa mlalamikaji. Kete zisizo na sita ni 21, na mikono inayotoka humo pekee ni 116,280, yaani karibu mmoja katika kila kumi. Ni michache, kweli. Lakini angeweza vilevile kukosa tano, au mbili, au tupu, na malalamiko yangekuwa yale yale. Tukijumlisha nambari zote saba tunapata kama mikono 69 katika kila 100, ila tumerudia kosa la awali: mkono uliokosa sita na tano pamoja umehesabiwa mara mbili. Tukishasahihisha marudio yote, inabaki takriban 58 katika 100. Zaidi ya nusu ya mikono inayogawiwa ina pengo la nambari moja au zaidi. Na aliyekosa sita mizunguko mitatu mfululizo hadai kitu. Kete zikishachanganywa vizuri, mzunguko wa nne hautamlipa fidia.

Hata hivyo uwezekano haugandi pale kete zilipogawiwa, na mimi naona utamu wote wa dhumna umo humu. Chukua mfano: una kete tatu zenye tano mkononi, na nyingine tatu zenye tano zimeshatoka mezani. Kwa kuwa kete zenye tano ni saba tu, imebaki moja, nayo iko kwa mmoja wa wale watatu. Ikiwa wote wamebakiwa na idadi sawa ya kete, nafasi ya kuwa kwa mwenzako ni 1 katika 3. Zamu ya mpinzani anayekufuata inafika, ncha zote mbili za mezani zinadai tano, naye anapisha. Kete haikuhama, lakini ulichokijua kimebadilika: sasa nafasi ya mwenzako ni 1 katika 2. Mchezaji anayetazama kete zake tu ataendelea kucheza kana kwamba bado ni theluthi. Wacheza dhumna hodari hukumbuka nani alipisha, na kwa nambari gani, tangu kete ya kwanza. Mwenzako naye akipisha, hakuna tena cha kukisia: tano ya mwisho anayo mpinzani aliyebaki, na ukimfungulia njia ya kuitia, umempa mwenyewe.