Je, Wajua? Ngoma iliyochagua mrithi

Kwamba Karagwe, jirani wa Ngara na Biharamulo, ugomvi wa urithi uliamuliwa kwa kunyanyua ngoma? Rumanyika, mfalme wa Karagwe, alimsimulia mpelelezi Mwingereza Speke, aliyefika mji mkuu wake Bweranyange mwaka 1861, kwamba baba yake Ndagara alipofariki, ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wanawe. Kwa uganga wa ngoma hiyo, iliwalemea wengine. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Ndivyo asimuliavyo mshindi, bila shaka.

Aliyeshika ngoma alishika na hazina nzima. Mpelelezi Stanley, mwaka 1876, aliiona hazina hiyo ndani ya msonge: bata 16 wa shaba ya manjano wenye mbawa za shaba nyekundu, ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa, mikuki na miundu ya chuma. Vitu hivyo vilikuwa mali ya kiti, si ya mtu, hivyo havikugawanywa. Wahinda, ukoo wa Rumanyika, ndio waliotawala pia Rusubi, Biharamulo. Bugufi, iliyo Ngara leo, ilikuwa chini ya Burundi, ambako ngoma kuu ya ufalme ilikuwa Karyenda.

Unguja mambo yalikuwa kinyume. Sultani Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, mali yake binafsi iligawanywa kisheria, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Mali inayogawanywa hivyo hutawanyika upesi pamoja na warithi: Salme, mmoja wa mabinti zake, aliondoka Unguja mwaka 1866 na kuishia Ujerumani.

Bara, viti kama cha Karagwe navyo vilifikia mwisho: watemi walivuliwa madaraka mwaka 1963.