Je, Wajua? Gesi ya AC Haiishi Kama Petroli

Je, wajua kwamba gesi ya AC ya gari haiungui wala haipungui kwa kutumika? Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto kutoka ndani ya gari, inakwenda kulimwaga mbele ya rejeta, kisha inarudi. Ikipungua, imevuja. Fundi anayekwambia "tuongeze gesi tu, bosi" bila kutafuta inapotokea anakuuzia ubaridi wa wiki mbili tatu. Mimi nimeununua ubaridi huo mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kwa gari la mwaka 2003, hadi nilipomfikia mzee mmoja wa Temeke anayefanya kazi chini ya mkungu. Hakugusa mtungi. Aliuliza: "Ukikaa kwenye foleni inakuwaje, mwanangu?"

Je, wajua kwa nini aliuliza hivyo? AC inayopoza vizuri gari likiwa mwendoni, halafu ikapuliza hewa ya uvuguvugu ukisimama Tazara au Mwenge, mara nyingi haidai gesi hata kidogo. Kondensa, ile inayotoa joto nje, imekaa mbele kabisa ya gari. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaipoza. Likisimama, tegemeo lake ni feni. Feni ikifa, au ikizunguka kwa kuchoka, joto halina pa kwenda. Mzee alichukua jagi la maji akaimwagia kondensa taratibu, injini ikiunguruma, mimi nimeweka kiganja kwenye tundu la hewa. Kabla jagi halijaisha, hewa ikawa baridi. "Basi gesi unayo," akasema. "Huna upepo." Mota ya feni ilikuwa imekwisha.

Kipimo hicho unaweza kukifanya nyumbani. Weka mikono na nguo mbali na feni, maana huanza kuzunguka bila kukuaga.

Je, wajua kwamba kati ya kondensa na rejeta kuna uwazi mwembamba ambapo vumbi, nzige na mifuko ya plastiki hujificha kwa miaka? Gari likiwa la miaka 15 au 20, osha huko. Tumia mpira wa maji wa kawaida, si mashine ya presha ya pale kwenye uoshaji magari: mapezi ya kondensa ni aluminiamu nyembamba kama karatasi, yakilala hewa haipiti tena. Na ukiishi pwani, iwe Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chumvi ya hewani huyala mapezi hayo taratibu. Ukiyagusa yakabomoka kama biskuti, hapo kuosha hakusaidii.

Je, wajua kwamba hewa ikitoka baridi lakini kidogo, kosa linaweza kuwa chujio? Magari mengi ya Kijapani huliweka nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria unamotunza kadi ya gari. Unakifungua, unakibana pembeni kidogo, kinashuka, na chujio unalivuta kwa vidole. La kwangu lilitoka limekuwa jeusi, lina majani makavu ya mwarobaini, manyoya ya njiwa na maganda ya karanga ambayo panya aliyapanga kwa utaratibu. Nililipa gesi mara tatu na hakuna aliyewahi kufungua pale.

Je, wajua kwamba gesi ikizidi, ubaridi hupungua vilevile? Gari dogo hubeba nusu kilo hivi, kukiwa na tofauti kati ya gari na gari, na kiasi halisi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kiasi hicho hupimwa kwa mizani. Kusikiliza kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, na kukisia ni kubahatisha.

Je, wajua kwamba maji huchemka bila moto? Hewa ikinyonywa kabisa ndani ya mabomba, unyevu uliobaki huchemka kwa joto la kawaida la mchana na kutoka kama mvuke. Ndiyo maana fundi makini hufunga mashine ya kunyonya hewa nusu saa au zaidi kabla ya kujaza gesi. Akiruka hatua hiyo, tone la maji huganda kwenye vali ndogo iliyo kabla ya evaporeta, ile inayopoza hewa ya ndani, na kuziba njia. Utaona AC inapoza robo saa, inakufa, ukiizima kidogo inafufuka.

Kuna ugonjwa unaofanana na huo: asubuhi AC ni nzuri, injini ikishika moto inakata. Klachi ya kompresa huvutwa na sumaku ya umeme kuvuka pengo la takriban nusu milimita. Miaka ikienda pengo hupanuka, na sumaku ikipata joto hupungua nguvu, inashindwa kuvuta. Mara nyingi dawa ni kutoa kijipete kimoja chembamba cha chuma, si kununua kompresa.

Je, wajua kwamba mji wa Kigali umeingia katika historia ya AC ya gari lako? Magari ya miaka ya 1980 yalitumia gesi ya R-12, iliyoharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilianza kuiondoa, na katikati ya miaka ya 1990 viwanda vilikuwa vimehamia R-134a. Hiyo haigusi ozoni, lakini ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Ndipo Oktoba 2016 mataifa yakakutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii yake hatua kwa hatua. Kila "tuongeze tu" juu ya bomba linalovuja inaishia angani.

Na tafadhali, usimruhusu mtu akujazie gesi ya kupikia. Inapoza, ni kweli. Lakini evaporeta iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya watoto wako, na ikivuja humo inahitaji cheche moja tu.

Je, wajua kwamba gari lililofungwa vioo juani linaweza kupanda nyuzi 20 juu ya joto la nje ndani ya saa moja? Ukiingia, shusha vioo vyote, endesha dakika moja au mbili joto litoke, kisha funga na ubonyeze kitufe chenye mchoro wa gari na mshale unaojikunja ndani yake. Hapo AC inarudia kupoza hewa iliyokwisha poa, badala ya kuhangaika na hewa mpya ya barabarani.

Maji yanayodondoka chini ya gari AC ikifanya kazi ni dalili njema. Yasipodondoka, na zulia la abiria likalowa, kibomba cha kutolea maji kimeziba.

Je, wajua kwamba mashine ya kwanza ya Willis Carrier, mwaka 1902, iliundwa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea? Kukausha hewa bado ni nusu ya kazi ya AC. Kwa hiyo usiizime miezi yote ya baridi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na sili zisipopata mafuta hukauka, kisha huvuja. Iwashe dakika kumi kila wiki, na asubuhi ya Julai kule Njombe au Limuru, kioo cha mbele kikijaa ukungu, elekeza hewa yake kiooni hata kama umeiweka kwenye joto: ukungu utaondoka kabla hujafika barabara kuu.