Joto la Dari: Fungueni Upenu bila Kumkaribisha Mbu

Safari hii tunaanza na kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita, tulipokuwa tukifundisha juu ya malaria katika vijiji vya uwanda wa Kano, karibu na Ahero, tuliwaambia watu: zibeni upenu. Mbu aina ya Anofelesi, ambaye hueneza malaria, hupenda kuingia usiku kwa ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Hapo hatukukosea. Watu walitusikia. Wenye nyumba za zamani za mabati walikoroga saruji wakaziba kila mwanya, na wengine wakapigilia mbao chini ya upenu toka pembe hadi pembe.

Tuliporudi kuwatembelea tulikuta watoto wamelala nje ya neti. Si kwamba neti hazikuwapo. Zilikuwa zimefungwa fundo juu ya kitanda. Mama mmoja alitujibu bila kuzunguka: "Ndani ya neti hakulaliki. Hebu ingieni wenyewe." Ilikuwa saa moja na nusu jioni, wakati watoto wanapolazwa. Tuliingia, tukainua mikono kuelekea dari, tukahisi joto likitushukia kama mtu aliyeinamia jiko.

Mambo ni hivi. Bati likipigwa na jua la mchana huwaka kiasi cha kutogusika, na hewa iliyo kati ya bati na dari hupata joto hilo. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda. Ikikosa njia ya kutokea hukaa pale pale, ikizidi kupata moto, na mbao za dari pamoja na kuta hunywa joto hilo mchana kutwa. Jua likizama, bati lenyewe hupoa upesi, lakini dari na kuta bado zinalitoa joto lile taratibu, nalo linawashukia waliolala.

Kuna na shida ya pili ambayo wengi hawaijui. Usiku wa mbingu nyeupe, bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa kupikia na pumzi za watu hupenya dari, hugonga bati baridi, hugeuka matone. Asubuhi utaona dari ina madoa ya kahawia. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi hupaka lami kwenye misumari, pesa zinakwenda, na madoa yanarudi hata wakati wa kiangazi! Kama dari yako inalowa na mvua haijanyesha, paa halivuji. Ni jasho la bati, na likiendelea litaozesha kenchi zilizobeba paa lote.

Dawa ya shida zote mbili ni moja: hewa iingie chini, kwenye upenu, na itoke juu, karibu na mgongo wa paa. Tundu moja halitoshi. Tumeona watu wakitoboa juu peke yake halafu wanalalamika hakuna tofauti; hewa itatokaje kama hakuna nyingine inayoingia?

Ukubwa wa matundu hupimwa kwa eneo la dari. Kanuni ya wajenzi wengi ni sehemu moja ya uwazi kwa kila sehemu 150 za dari. Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa mita 6. Dari ni mita 60 za mraba, kwa hiyo uwazi ni mita 0.4 za mraba, nusu chini na nusu juu. Lakini wavu wa mbu nao huzuia hewa, basi ongezeni mara mbili. Kwa chini, hiyo ni sawa na mwanya wa sentimita 2 unaokwenda urefu wote wa nyumba, pande zote mbili. Kwa juu, ni dirisha la sentimita 40 kwa 50 katika kila ukuta wa pembetatu, kule mwisho wa nyumba, karibu na kilele kadiri inavyowezekana.

Ikiwa upenu umepigiliwa mbao, kazi ni rahisi: ng'oa ubao mmoja, upunguze, uurudishe ukiacha mwanya. Palipozibwa kwa saruji, fundi atoboe kwa patasi katikati ya kenchi na kenchi. Asiguse kabisa ule ubao unaolala juu ya ukuta, maana ndio umebeba paa. Madirisha ya juu yawekwe vipande vya mbao vilivyolala kuelekea nje, ili mvua ya upepo iteremke isiingie.

Sasa wavu. Hapa msifanye haraka, maana ndipo tulipoponea. Kila uwazi, wa chini na wa juu, ufunikwe kwa wavu wa mbu wenye matundu yasiyozidi milimita moja na nusu, ubanwe kwa vipande vya mbao pande zote. Pale panya wanaposumbua, tangulizeni nje ule wavu mgumu wa kofitrei unaouzwa hadiweya. Kila mwaka wavu upigwe brashi, kwa sababu vumbi likiujaa ni kama mmeziba tena.

Msitegemee baridi ya Limuru. Joto jingine hushuka moja kwa moja kutoka kwa bati, hata hewa ikipita, na hilo hupunguzwa kwa kupaka paa rangi nyeupe. Na tafadhali, mtu asidhani kwamba matundu ya paa yanamruhusu kulala na jiko la makaa chumbani. Gesi ya makaa huua mtu akiwa usingizini kabla haijafika darini.

Kama kuna popo, msiwafungie ndani wakafa na kunuka. Wekeni wavu jioni wakishatoka kuwinda, lakini si wakati wana watoto wasioweza kuruka. Mavi yao yanyunyizwe maji kabla ya kuzolewa, na anayezoa afunike pua na mdomo; vumbi lile huleta ugonjwa wa mapafu.

Nyumba zenye paa la asbestosi ni habari nyingine. Msitoboe, msikate, msisugue. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliihesabu asbestosi kuwa taka ya hatari, na anayeishughulikia lazima awe na leseni ya NEMA. Kwa nyumba kama hizo, fanyeni kazi kwenye upenu na kuta tu, bila kugusa paa.

Wakati mzuri wa kazi hii ni Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu kuanza Machi. Fundi apande asubuhi mapema, maana saa nane mchana darini hakukaliki. Kabla hajapanda, zimeni stima kwenye meni swichi, kwa kuwa nyaya za nyumba za zamani mara nyingi zimeguguniwa na panya. Akanyage kenchi, asikanyage dari.