Volti 5 ya USB na volti 5 ya pawasaplai

Swali ni lile lile, hubadilika muulizaji tu: "Mkanda wangu wa LED ni wa volti 5, pawasaplai ni volti 5, USB ya laptopu nayo volti 5. Si niunganishe vyote, nipakie programu huku taa zinawaka?" Kisha hufuata kauli inayoniudhi: "Volti zikilingana, umeme hautembei."

Kauli hiyo ni kweli kwa volti zinazolingana, na hizi hazilingani. Kwa kiwango cha USB 2.0, bandari ya kompyuta inaweza kutoa kuanzia volti 4.75 hadi 5.25. Pawasaplai nyingi za bati zina skrubu ya kupandisha na kushusha volti. Tuseme pawasaplai ni 5.2, USB 5.0. Tofauti ni 0.2 tu, lakini njia nzima ya waya na viungio ikiwa na ukinzani wa omu 0.2, gawanya mwenyewe: ampea 1 inarudi ndani ya bandari iliyoundwa kutoa umeme, si kupokea. Ni kama matangi mawili ya maji yaliyoungwa kwa bomba. Lenye maji ya juu kidogo humwagia mwenzake, liwe limeandikwa lita ngapi ubavuni. Bandari nyingine zina kinga, nyingine hazina, na kwa macho hutaona tofauti.

Ukizima pawasaplai, balaa hugeuka upande. Sasa laptopu ndiyo inayolisha mkanda. LED moja ya WS2812B ikiwaka nyeupe kamili hula hadi miliampea 60; mita moja yenye taa 60 inataka ampea 3.6. Bandari ya USB 2.0 inaahidi miliampea 500.

Na wanaosema bodi ya Arduino Uno "hujichagulia yenyewe" chanzo cha umeme: hufanya hivyo umeme ukiingia kwa tundu la duara au pini ya Vin. Ukiingiza kwenye pini ya 5V umeuruka ulinzi huo wote. Wengine hukata graundi kati ya bodi na pawasaplai wakidhani wametenganisha. Acheni! Bila graundi ya pamoja data haisomeki, taa zinawaka ovyo.

Fanya hivi. Mkanda ulishwe moja kwa moja na pawasaplai, usipitie kwenye bodi. Graundi zote ziungane. Waya wa volti 5 uendao kwenye bodi uchomoe kabla ya kuchomeka USB. Hutaki kuchomoa kila mara? Tumia bodi yenye dayodi ya Schottky kwenye njia ya USB, kama Arduino Nano (nakala za bei chini zipime kwanza kwa mita), kisha weka nyingine, 1N5819, kwenye waya utokao pawasaplai kwenda bodi. Washa pawasaplai kwanza, USB baadaye, maana mkanda usio na umeme huunyonya kupitia waya wa data. Rezista ya omu 330 kwenye waya huo husaidia. Kama unajaribu taa chache kwa USB peke yake, andika katika FastLED setMaxPowerInVoltsAndMilliamps(5, 400). Kwa ESP32 yenye Wi-Fi, weka 200.